Umepata Ludwig ya miaka ya 1960? Weka msasa chini kwanza

Msomaji mmoja wa Mombasa amenitumia picha za seti ya dramu za Ludwig, kampuni ya Marekani, iliyolala stoo miaka mingi: besi ya inchi 22, tomu ya 13, floo tomu ya 16 na sneya (ngoma yenye nyaya upande wa chini) ya chuma ya inchi 14. Plastiki ya nje imegeuka manjano, kromu imeshika kutu, ngozi zimepasuka. Anatafuta fundi wa kubandua plastiki yote, kupiga mbao msasa na kupaka vanishi. Namsihi yeye na kila mwenye seti ya namna hiyo: fundi huyo asiitwe. Kutu huondoka, uchafu huondoka, na ngozi zinanunuliwa. Lakini plastiki ya kiwandani, rangi ya ndani na ukingo wa mzinga, yaani mwili wa ngoma, vikishaondolewa havirudi, na hivyo ndivyo vinavyoipa seti sauti yake na bei yake.

Itambue kwanza. Ludwig za miaka hiyo zilitengenezwa Chicago, na nembo yake ya shaba yenye umbo la Keystone, jiwe la katikati ya tao, imefungwa kwenye tundu la hewa. Nembo isiyo na namba kwa kawaida ni ya kabla ya mwisho wa 1963. Zenye namba zikafuata. Chungulia pia ndani ya mzinga, kwani mingi ilipigwa mhuri wa tarehe kwa wino, mara nyingi mwekundu. Tarehe 9 Februari 1964 Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, alionekana kwenye televisheni ya Marekani akiwa na Ludwig, na oda zikafurika kiwandani. Basi usishangae ukikuta matundu hayakupimwa sawasawa au rangi ya ndani imepakwa haraka. Si kasoro ya kurekebisha. Nembo usiing'oe, hata kwa kusafisha, maana kuirudisha bila kuikunja ni kazi ngumu.

Sasa ifungue. Seti ya vipimo hivyo ina boliti 68 za kukazia ngozi: besi 20, tomu 12, floo tomu 16, sneya 20. Zilegeze kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, ukienda upande kwa upande. Ukifungua boliti moja mpaka mwisho wakati nyingine bado zimekaza, rimu, ile pete inayobana ngozi, inapinda. Piga picha kila hatua, na vifaa vya kila ngoma vitie kwenye mfuko wake ulioandikwa. Lagi, vile vishikio vya boliti ubavuni mwa mzinga, zirudi kwenye matundu yaleyale zilikotoka, kwa sababu matundu ya zamani hayalingani. Boliti iliyoganda usiilazimishe: itie mafuta ya taa au mafuta ya kulegezea kutu, iache usiku kucha, kisha izungushe mbele kidogo na nyuma kidogo. Meno ya Ludwig ni ya kipimo cha 12-24, na boliti mpya za kipimo hicho zinapatikana. Mwenye dramu za Premier za Kiingereza za zamani asijaribu kuingiza boliti ya Kimarekani. Meno hayalingani na nati itaharibika.

Hapa kwenye vyuma ndipo watu wengi huharibu. Wanasikia siki inaondoa kutu, wanatumbukiza kila kitu kwenye beseni moja. Boliti na washa ni chuma, zinastahimili asidi kwa muda. Lagi ni aloi ya zinki iliyomiminwa na kupakwa kromu, na asidi hula zinki. Inapenya kwenye mikwaruzo, inakula chini ya kromu, na baada ya majuma machache kromu inavimba na kubanduka. Lagi zioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo tu, kwa mswaki laini, kisha zikaushwe papo hapo, pamoja na ndani yake. Humo ndani kuna springi inayoshika nati. Ikilegea, ngoma itatoa mtetemo wa chuma kila ukipiga. Izungushie kipande chembamba cha kitambaa cha sufi. Sponji usiweke, inashika unyevu na kuoza.

Boliti zenye kutu zilowekwe kwenye maji ya asidi ya limau ya unga, gramu 50 kwa lita moja, nusu saa mpaka saa moja. Zikague kila baada ya dakika kumi. Zikitoka, zisuuze kwa maji yenye kijiko cha magadi ili kuua asidi, zikaushe kwa kitambaa, upake mafuta mepesi siku hiyohiyo. Ukiziacha mpaka kesho bila mafuta, hewa ya pwani itazirudishia kutu.

Rimu za kromu zina njia rahisi kuliko zote. Chukua karatasi ya alumini ya jikoni, ikunjekunje, ichovye kwenye maji, usugue kwa mkono mwepesi. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inaondoa kutu bila kukwaruza. Penye kutu sugu tumia sufi ya chuma ya namba 0000 yenye mafuta, lakini hakikisha kwanza kwamba ni kromu. Nikeli ina umanjano kwa mbali na ni laini zaidi; hiyo sufi itaichora. Malizia kwa nta ya gari. Vishimo vyeusi vitabaki, kwa sababu pale kromu imeshakwisha. Viache.

Sneya ya kromu ya Ludwig ina habari yake. Mingi ya mizinga hiyo tangu miaka ya 1960 ni aloi ya alumini iliyopakwa kromu, na kromu haishikani vizuri na alumini. Ndiyo maana unaona vipele, unga mweupe na magamba. Hakuna dawa ya kukirudisha kilichobanduka, na kupaka upya kunagharimu kuliko faida yake. Futa unga huo kwa kitambaa chenye maji kidogo, kausha, paka nta. Muuzaji akikwambia ni shaba, tazama mahali kromu ilipotoka: kijivu ni alumini, manjano ni shaba. Mgonjwa wa vipele hulia sawa na mzima, basi usiipoteze sneya nzuri kwa ajili ya sura.

Plastiki ya nje inataka upole na tahadhari. Plastiki nyingi za dramu za zamani ni za selulosi, na baadhi ni selulosi naitreti, ambayo hushika moto upesi mno. Kwa hiyo hakuna bunduki ya joto, hakuna mashine ya msasa, wala sigara karibu. Thina na asetoni huyeyusha plastiki hiyo papo hapo, hata tone moja linaacha kovu. Anza na maji ya sabuni kidogo kwenye kitambaa kilichokamuliwa. Kisha tumia polishi ya plastiki, Novus namba 2 au inayofanana nayo, kwa pamba safi na mkono wa kuzunguka. Utashangaa ni kiasi gani cha “manjano” kilikuwa moshi wa sigara na vumbi. Manjano yanayobaki yamo ndani ya plastiki yenyewe, na wapenzi wa dramu wanayalipia.

Pale plastiki ilipoachia kwenye kiungo, chokoa gundi kavu kwa kijiti cha mbao, paka gundi ya viatu pande zote mbili kwa utandu mwembamba, subiri mpaka isinate kidoleni, kama dakika kumi na tano, ndipo ubonyeze. Weka kipande cha mbao juu yake na ubane kwa klampu kwa saa 24. Kama plastiki imejikunja na kukauka, usiilazimishe kufika ilikokuwa. Itapasuka. Ibandike ilipofika.

Ukingo wa mzinga ndio roho ya kazi yote. Ukague mezani: weka mzinga juu ya kioo kinene au meza ya mawe iliyonyooka, zima taa, washa tochi ndani. Mwanya mwembamba usiopitisha zaidi ya karatasi moja hauna neno, ngozi itauziba. Kadi ya benki ikipita, hilo ni jambo la mtaalamu wa mizinga ya dramu, wala si seremala wa makabati. Kingo za Ludwig za wakati ule zilikuwa na mviringo kidogo, na sauti ile nzito na ya joto inatoka hapo. Anayezichonga upya ziwe kali kama za leo anatengeneza ngoma nyingine. Sugua vinyweleo vya mbao kwa msasa wa namba 400 kwa mkono, mara chache tu, kisha pitisha mshumaa juu ya ukingo ili ngozi iteleze na kukaa. Upande wa chini wa sneya utaona bonde dogo mkabala na bonde jingine. Ni mahali pa nyaya kulala. Ukilisawazisha, sneya itazomea maisha yake yote.

Kabla ya kununua ngozi, pima. Mizinga mingi ya Ludwig ya wakati huo ina kipenyo kikubwa kidogo, na ngozi za leo hubana. Ngozi iteremke yenyewe na izunguke bila kusukumwa. Ikikwama haitashika sauti. Kampuni ya Aquarian hutengeneza ngozi aina ya American Vintage iliyo kubwa kidogo kwa ajili hiyo. Premier za kabla ya 1968 zina vipimo vyake kabisa, na ngozi ya kawaida haikai. Juu weka ya tabaka moja iliyopakwa weupe, unene wa milimita 0.25. Chini ya sneya ni ngozi yake maalumu, kama milimita 0.075, ya tomu hapo inaua nyaya.

Kaza kwa vidole mpaka boliti zote zigusane na rimu, kisha nusu mzunguko kwa kila moja kwa kuvuka upande kwa upande. Bonyeza katikati kwa kiganja, iache ilale usiku, urekebishe sauti kesho yake.

Kwa walio pwani: seti isifunikwe kwa nailoni, tumia shuka la pamba. Kromu ipakwe nta kila baada ya miezi mitatu, na boliti zitiwe grisi kidogo kila ngozi inapobadilishwa. Kifaa chochote cha asili ulichokibadilisha, hata boliti iliyopinda, kihifadhi kwenye mfuko ulioandikwa na kiende na seti siku itakapouzwa.