Usitie Saini Kabla Hujaujaribu Mlango

Juma lililopita meneja mmoja kijana wa jengo la ghorofa aliniandikia akiuliza kama anaweza kutia saini taarifa ya mwaka ya usalama wa moto kwa kutegemea tu ripoti ya mkandarasi anayekagua vifaa vya moto. Nilimjibu siku hiyohiyo kwamba asithubutu, na sababu naieleza hapa kwa kirefu, kwa kuwa swali lake lilitonesha kidonda changu.

Miaka sita iliyopita nilisimamia jengo la ghorofa tisa ambalo kila nyumba ina mwenyewe, huku ngazi, korido na paa vikiwa mali ya wote. Mkandarasi aliniletea ripoti isiyo na kasoro, nami nikaitia saini nikiwa nimekaa mezani. Wiki tatu baadaye mkaguzi alipanda ngazi za dharura akakuta milango minne ya kuzuia moto haijifungi: mitatu ilikuwa imeng'oka ule mkono wa chuma unaoirudisha, na wa nne ulikuwa umewekewa kabari ya mbao na mkazi aliyechoka kuusukuma. Mwenyekiti wa kamati ya wamiliki aliisoma orodha hiyo mbele ya mkutano mzima, kisha akauliza saini ile ni ya nani. Mkandarasi hakuwapo. Nilisimama peke yangu, na hadi leo naamini sikutendewa haki, ingawa saini ilikuwa yangu.

Anayedhani mlango ni jambo dogo aukumbuke moto wa Juni 14, 2017 katika jengo la Grenfell Tower, London, ulioua watu 72. Ulianzia kwenye jokofu katika nyumba ya ghorofa ya nne, ukapanda kwa kuta za nje zilizofunikwa kwa vifaa vinavyoshika moto. Lakini uchunguzi ulibaini pia kwamba milango mingi ya nyumba haikujifunga, hivyo moshi ukasambaa upesi ndani ya jengo lenye ngazi moja tu ya kutokea.

Tangu mkutano ule nalizungukia jengo zima kila mwezi. Kila mlango naufungua kidogo na kuuachia. Usipojifunga hadi komeo liingie, naandika namba yake. Mitungi ya kuzimia moto naitazama geji, yaani kipimo cha shinikizo la ndani, na ile ya kaboni dioksaidi, isiyo na geji, hupimwa kwa mizani nikiwa nimesimama palepale. Ukaguzi wa mwaka huu tumeupita bila kasoro, mara ya tatu mfululizo, na ninajivunia hilo waziwazi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, panda ngazi kwanza. Fungua milango, iachie, uone. Mkandarasi akichukia, na achukie. Kuna wazee na watoto wanaolala ghorofa ya nane wakiamini kwamba kazi hiyo umeifanya. Ripoti iliyokwisha kufika mezani kwako irudishe pamoja na orodha ya milango iliyogoma, na ubaki na nakala yenye tarehe.