Maswali na Majibu: Basi tu hunitapisha, sasa naenda baharini wiki mbili. Nibebe Plasil?

SWALI: Hujambo daktari. Niko Kasarani, miaka 27. Nimepata nafasi ya kusaidia kazi kwa yoti ya tanga inayotoka Cape Town kwenda kisiwa cha Saint Helena, tutakuwa watu wanne na nahodha anasema ni kama wiki mbili. Shida ni kwamba hata basi ya Kisii hunitapisha. Kaka yangu ameniambia nibebe Plasil, ile dawa ya kuzuia kutapika, nimeze nikianza kusikia vibaya, nisikule siku ya kwanza, na nilale huko chini mpaka mwili uzoee. Pia nimeona mtandaoni pachi za mitishamba za kubandika nyuma ya sikio, wanasema hazina madhara yoyote. Nichukue gani, na zamu za usiku nitaziweza kweli?

JIBU: Dada, kaka yako anakutakia mema lakini hiyo Plasil mwambie abaki nayo. Hili swali naliona kila wakati hapa dukani, wengi si wa yoti, ni wa basi ya usiku na wa boti za Lamu, na karibu wote huja wakiwa wameshaamua kwamba kutapika ni kutapika na dawa yake ni moja. Si moja. Kutapika kwa safari kunaanzia kwa sikio la ndani, sikio linaambia ubongo tunayumba, macho yako huko chini yanaangalia ukuta wa kebini na kusema tumetulia, na ubongo haujui uamini nani. Plasil, yaani metoklopramaidi, haizuii hiyo, na hata ondansetroni ile wagonjwa wa saratani hupewa haizuii, ni dawa nzuri kwa kazi zao lakini hii si kazi yao. Alafu kwa wasichana wa umri wako metoklopramaidi inaweza kukaza misuli ghafla, shingo inapinda upande, macho yanapanda juu, na hata sentensi moja huwezi kumaliza. Hospitalini unadungwa sindano na inaachilia. Katikati ya Atlantiki nahodha ataanza kuombea mapepo. Ulaya tangu 2013 walisema isizidi siku tano na miligramu 30 kwa siku, huku kwetu inauzwa kama peremende.

Lakini kinachonikasirisha zaidi si Plasil, ni hayo maneno "nimeze nikianza kusikia vibaya". Ukianza kusikia vibaya umechelewa. Tumbo likishapata kichefuchefu linaacha kusukuma chakula kwenda chini, na tembe haifanyi kazi ikiwa tumboni, lazima ishuke kwa utumbo ndio iingie kwa damu, kwa hivyo inakaa pale juu ikingoja na baada ya muda inatoka nzima nzima kwa ndoo, unameza ingine inatoka, alafu mtu anarudi kuniambia dawa ilikuwa feki. Dawa haikuwa feki, ni masaa. Muulize nahodha mapema kama kwa sanduku lake la dawa kuna promethazini, dawa nyingine ya kutapika kwa safari, ya sindano au ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, maana mtu akishaanza kutapika njia ya mdomo imefungwa, na ujue ni nani kati yenu anajua kudunga.

Inayotumiwa sana na mabaharia wa yoti za tanga ni sinarizini, wengi mnaijua kama Stugeron. Uingereza dozi ya mtu mzima ni miligramu 30 masaa mawili kabla ya kuondoka, alafu 15 kila masaa manane. Vidonge vya hapa vingi ni vya 25, kwa hivyo fuata karatasi iliyo ndani ya pakiti yako, usianze kuvunja vunja. Mimi ningekuambia uanze hata usiku wa kuamkia safari, na uendelee siku mbili tatu za kwanza, kwa sababu wengi huzoea hapo na hawahitaji tena. Na ijaribu kwanza hapa Nairobi, siku huna kazi na huendeshi gari, uone inakulaza kiasi gani. Promethazini inalaza hata zaidi. Kuna wajanja huuliza kama wanaweza kumeza zile za mafua zisizoleta usingizi, setirizini na wenzake: hazisaidii, kile kinachozifanya zisilete usingizi, kwamba haziingii sana kwa ubongo, ndicho kinachozifanya zisisaidie kwa safari.

Sasa hiyo pachi. Pachi ya kweli ipo, ina dawa inaitwa hayosini, inabandikwa nyuma ya sikio masaa kadhaa kabla ya safari, inakaa siku tatu, na ina madhara, tena mengi: mdomo mkavu, macho kuona ukungu, wengine wanachanganyikiwa kabisa, na mwenye presha ya macho haifai kuigusa. Ukiibandika alafu ujisugue jicho na kidole hicho hicho, mboni ya hilo jicho inapanuka na nahodha anafikiri umepata stroki. Hiyo ni dawa. Hiyo yako ya mitishamba isiyo na madhara yoyote, kwa bei ya soda mbili, ni plasta. Tangawizi haina ubaya, tafuna, lakini usiitegemee peke yake.

Kuhusu kukaa njaa, hapana. Tumbo tupu linasumbua zaidi, beba krakas na ndizi, kula kidogo kidogo. Ukitapika kunywa ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kwa vijiko, na zikiisha weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji safi, na usitumie maji ya bahari badala ya chumvi hiyo, kuna mtu aliniuliza. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au siku nzima maji hayakai, hiyo umwambie nahodha, si siri ya kuficha. Na kama unameza vidonge vya kupanga uzazi, ukitapika ndani ya masaa matatu hesabu hujameza.

Kulala chini kuna ukweli nusu. Ukilala chali macho yamefungwa, kwa kitanda cha katikati ya chombo, si kile cha mbele kinachorusha watu, kichefuchefu kinapungua. Lakini mko wanne, kila mtu labda anakaa zamu ya masaa matatu na kupumzika tisa, wewe ukijificha kwa kitanda wale watatu wanabaki na zamu ya masaa matatu na kupumzika sita tu. Afadhali uombe usukani, anayeshika usukani na kuangalia upeo wa macho huwa haumwi sana. Kupika uombe uachiwe kwanza, huko jikoni na harufu ya dizeli hata wazoefu huanguka. Na beba sweta nzito, hiyo si bahari ya Mombasa, siku za kwanza mko kwa mkondo baridi wa Benguela na mtu akipigwa na baridi anaumwa zaidi. Usiku ukisikia kutapika, tapika kwa ndoo ndani ya kokpiti, pale mnapokaa kwa usukani, usiinamie pembeni, na hanesi, ule mkanda wa kukufunga kwa chombo, iwe imefungwa. Mtu akianguka gizani kwa mawimbi hayo kumpata ni bahati.

Zamu utaziweza, kumbuka tu kwamba dawa hizi zinaleta usingizi na meli kubwa inaweza kutokea kwa upeo na kukufikia kwa dakika kumi hivi, kwa hivyo ukiwa umemeza ya kulaza mwambie nahodha akuweke na mtu.

Nimalizie na nyinyi wengine mnaosoma mkijua hamna yoti. Kwa basi za usiku kuna yule jamaa husimama katikati ya viti, anaomba, alafu anauza unga wa kutapika, wa minyoo na wa nguvu za kiume kutoka chupa moja. Na kuna maduka yanakupimia tembe nne nyeupe kwa kibahasha cha khaki kimeandikwa "1x2" na hakuna jina. Hapo ndani inaweza kuwa Plasil, inaweza kuwa chochote, na siku shingo ikipinda daktari hana pa kuanzia. Dai jina liandikwe kwa hicho kibahasha, angalia leseni ya Pharmacy and Poisons Board ukutani, na muuzaji akikasirika kwa kuulizwa chukua pesa yako uende duka lingine.