Si Kila Kijitu cha Pangoni ni Jini

Msomaji wetu wa Jinja anauliza: "Mwanangu hucheza mchezo wa kompyuta wenye vijitu vya kijani, masikio marefu na uchu wa dhahabu, ambavyo Waingereza huviita goblin. Je, kwa Kiswahili ni majini?"

Hapana, ndugu yangu. Na kwa kuwa umelitaja neno hilo, utaniwia radhi nikitoa la moyoni. Watafsiri wetu wana jini mmoja tu mfukoni, na kila kiumbe wasichokijua asili yake humvika jina hilo. Juzi, chini ya filamu moja, mzee aliyesimama kando ya mto aliandikiwa maneno haya: "Angalieni majini!" Mimi, mtu niliyekulia karibu na Nile, niliukodolea macho mto nikimtafuta kiboko, na kumbe maadui walikuwa wanatoka pangoni nyuma ya mzee yule, wakavu kabisa. Nilirudisha nyuma mara tatu, na mara zote tatu nilitazama maji. Mtafsiri angeandika "waangalieni", angalau kitenzi kingenigeuza shingo.

Hata bila mto huo, kosa lingebaki. Jini tulimpata kwa Waarabu, na Kurani inasema ameumbwa kwa moto, tena wamo majini waumini; kumshusha awe mwizi wa sufuria ni kumkosea adabu. Zimwi naye ni mkubwa mno, mla watu, na misambwa, yaani pepo wa asili wa Buganda, ina mahali pake na heshima zake.

Neno lenyewe la Kiingereza lilitoka Kifaransa cha kale, na katika karne ya 12 mtawa Orderic Vitalis alimtaja pepo Gobelinus wa Évreux, mji wa Ufaransa. Wachimba madini wa Ujerumani walikuwa na pepo wao, Kobold, waliyemlaumu kwa mawe yaliyotoa moshi wa sumu yakiyeyushwa, bila kutoa madini ya fedha. Ndiyo maana kobalti, metali iliyokuwamo katika mawe hayo, hata ile ya Kasese, Uganda, inabeba jina la pepo.

Mwite kibwengo, pepo msumbufu wa masimulizi ya pwani, ambaye ki- yake inamfaa kwa udogo. Mwanao akishikilia gobilini, nitavumilia, mradi aseme "gobilini wamekuja", si "zimekuja". Na kabla hujaniuliza, Jinja haina jini ndani yake: jina hilo limetokana na mawe.