Likelemba peke yake haitoshi, Mama

Mama wa mtaa wa Kadutu, umeuliza kama likelemba ya sokoni, ule mchango wa kupokezana, itabeba mazishi yako ili watoto wasibaki na madeni. Nakujibu kama mtoto wako: peke yake, hapana. Likelemba inalipa kwa zamu, na kifo hakingoji zamu ya mtu. Uliza katika kikundi chenu cha akiba kama kuna mfuko wa jamii, ule unaowekwa kando na hisa na kutolewa msiba unapoingia. Hakikisha jina la atakayepokea limeandikwa daftarini.

Baba yetu alipofariki hapa Bukavu, pesa alikuwa nayo. Dola alizikunja ndani ya kopo la maziwa, chini ya unga wa muhogo, na hakuna aliyejua. Sanduku tulichukua kwa deni, mochwari nayo ikihesabu siku. Kopo tulilipata wiki tatu baadaye. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo mwambie mtoto unayemwamini pesa iko wapi. Sema pia mapema utazikwa mjini au kijijini, maana kusafirisha maiti kunaweza kupita bei ya sanduku. Na kwenye kilio, waagize mapema: chai na mikate inatosha.