Kabla hujauliza kodi ya chumba, uliza ardhi ni ya nani

Wengi wanaotaka kuanza biashara ya nyumba za kupangisha Kampala huniuliza chumba kinaleta shilingi ngapi. Mimi huwauliza ardhi yenyewe ni ya aina gani. Katiba ya Uganda ya 1995 inataja aina nne za umiliki: mailo, frihodi (umiliki wa kudumu), lizi (ukodishaji wa ardhi kwa muda maalumu) na ardhi ya kimila. Huku Kampala na Wakiso, mailo ndiyo itakayokunyima usingizi. Kwenye mailo mmoja ana hati, mwingine ana kibanja, yaani haki ya kukaa na kutumia, juu ya ardhi ileile, na sheria inawatambua wote wawili. Ukinunua hati, umenunua pamoja na watu wanaoishi pale. Ukinunua kibanja bila ridhaa ya mwenye hati, muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, hautakuokoa. Urahisi wa bei ya kibanja una sababu zake, usidhani umeokota dhahabu.

Ndugu zetu mnaotoka Kongo au Kenya, ninyi mnaruhusiwa lizi tu, isiyozidi miaka 99. Dalali akikushauri uandikishe mailo kwa jina la shemeji yako Mganda, basi mwenye nyumba ni shemeji.

Hati usiisome kwenye fotokopi ya dalali. Nenda ofisi ya ardhi ya kanda ukafanye upekuzi, uone kama kuna rehani ya benki au zuio la kuiuza. Kisha chukua mpimaji wako mwenyewe, si wa muuzaji. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni kama decimali 11 na nusu (decimali moja ni sehemu moja ya mia ya ekari). Ukiambiwa 13, zipimwe mbele yako. Zungumza na majirani, na mke wa muuzaji pia, maana ardhi inayoishi familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Na ukitaka kujua maji ya mvua yanapita wapi, katembee Bwaise, mtaa wa Kampala unaofurika, siku ya mvua kubwa, halafu urudi kukitazama kiwanja chako upya.

Sasa faida. Chukua mfano wa vyumba vinane vya safu, kila kimoja 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 14,400,000. Mtu binafsi hutozwa na URA, mamlaka ya mapato, asilimia 12 ya kodi ya pango inayozidi 2,820,000 kwa mwaka, yaani 1,389,600 hapa, na hupunguziwi chochote kwa ajili ya rangi, bati au fundi bomba. Gharama hizo zinatoka kwenye kinachobaki.

Wapya wengi hukimbilia kupandisha kodi. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka. Tufanye umepandisha yote: chumba cha 150,000 kinakuongezea 180,000 kwa mwaka. Mpangaji akihama kwa hasira na chumba kikakaa wazi mwezi mmoja, 165,000 imeondoka, na bado hujapaka rangi. Mpangaji anayelipa kwa wakati mimi simgusi.

Ongezeko la faida lenye maana nimeliona kwenye mambo madogo: kila chumba na mita yake ya Yaka (umeme wa kulipia kabla) ili ugomvi wa umeme uishe, tangi la kukinga maji, taa ya nje, choo kinachonyonywa kabla hakijajaa. Mfereji wa maji ya mvua uchimbe kabla ya kujenga ukuta.