Uzamili wa anatomia Scotland: nawajibu mnaoniuliza

Wadogo zangu, mmeniuliza kama shahada ya uzamili ya anatomia ya binadamu ni njia ya kuja kufanya udaktari Uingereza. Hapana. Daktari aliyesomea kwetu akitaka kutibu huku lazima asajiliwe na General Medical Council, na wengi hupitia mitihani ya PLAB. Uzamili huu haukusogezi hata hatua katika njia hiyo. Unakuandaa kufundisha anatomia na kuifanyia utafiti. Asiyetaka kufundisha asiuze shamba la baba yake kwa ajili yake.

Ila kama kufundisha ndiko moyo ulipo, njooni. Hapa Dundee maiti huhifadhiwa kwa mbinu ya mwanaanatomia Walter Thiel wa Graz, Austria, aliyoitangaza mwaka 1992. Aliyezoea maiti wa formalini, ile dawa ya kuhifadhia iliyozoeleka, mkavu kama ubao, na ile harufu ya kuchoma macho, atashangaa: kiwiko kinakunjika, nyama ni laini, na ukivuta kano kwenye kigasha unaona kidole chake kikijikunja. Mkono niliokuwa nimeukariri vitabuni niliuelewa hapo.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba kila mwili mle ndani ni wa mtu aliyeandika akiwa hai, kwa hiari yake, kuwa mwili wake utumike kusomea. Huku Scotland hawakuanza hivyo. Mwaka 1828, Edinburgh hapo jirani, Burke na Hare waliua watu 16 wakawauza kwa mwalimu wa anatomia, na sheria ya 1832 iliyofuata ikageukia maiti wa maskini wasiodaiwa na ndugu. Kwetu bado tunapasua zaidi hao wasiodaiwa. Natamani sana atakayerudi kufundisha alianzishe hili la hiari, aende misikitini na makanisani kulizungumza, hata likichukua miaka.

Fedha, sasa. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na kwa uzamili hata kiangazi cha kuandika tasnifu kinahesabiwa muhula. Kibarua hicho kinalisha na kusaidia kodi ya chumba, ada hakilipi. Mchango wa kutumia huduma ya afya ya umma ni pauni 776 kwa mwaka, unalipwa unapoomba viza. Na tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani hawaruhusiwi kuja na mwenza wala watoto. Mwenye mtoto mchanga akae na wenzake nyumbani walijadili hilo kabla hajalipa chochote.