Familia iitwe, lakini ije kituoni

Wiki hii mmeuliza: mwanamke akipigwa na mumewe, akimbilie polisi au familia iitwe kwanza? Nimelisoma swali hilo nikiwa kwenye matatu ya Jogoo Road na nimeshindwa kulinyamazia, kwa sababu hiyo familia ni mimi. Aliyepiga ni kaka yangu. Aliyepigwa ni wifi yangu.

Nilitaka kujibu kwa neno moja: polisi. Wazee wa kunywa chai na kusema "vumilia, mama" wabaki makwao. Kaka yangu aliwekewa kikao mara mbili kule nyumbani mashambani. Mara zote mbili aliomba msamaha mbele ya mama yetu, na mara zote mbili wifi alirudishwa Nairobi kwenye nyumba ile ile.

Mara ya tatu ilikuwa Jumapili usiku, mwaka wa 2018. Wifi alinipigia simu saa tano. Nilimkuta kwenye lango la ploti, leso kichwani, damu imeganda juu ya nyusi, mkono wa kushoto ameupakata kama mtoto mchanga. Tukaenda kituoni, huku huku Eastlands. Afande wa kaunta alimtazama, akanitazama, akauliza, "Mmegombania nini?" Nikamwambia hatujagombana, huyu amepigwa na mumewe. Akasema mambo ya nyumba huishia nyumbani, na kwamba wengi wanaoandikisha usiku huja kufuta asubuhi. Wifi akaanza kuinuka aende zake. Nilimshika leso.

Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa sita hadi karibu saa tisa. Kitabu cha OB, kile polisi huandikia matukio yanayoripotiwa, kilikuwa pale mbele yetu, kikubwa, jalada limebanduka pembeni, kalamu imefungwa kwa uzi. Wakaandika simu iliyoibwa. Wakaandika mlevi aliyeanguka kutoka kwa bodaboda. Kila walipomaliza mtu nilisimama na kusema, "Afande, na sisi." Nadhani ilikuwa mara ya nne aliponiuliza mimi ni nani wake. Nikasema, "Mimi ni dada ya huyo mwanamume aliyempiga." Aliweka kalamu chini. Akakaa kidogo. Kisha akaiokota na kuandika.

Nambari ya OB alituandikia kwenye kipande cha gazeti: nambari ya tukio, siku, mwezi, mwaka. Fomu za P3, zile polisi na daktari hujaza kuthibitisha majeraha, zilikuwa zimeisha, tukaambiwa tungoje duka la ng'ambo ya barabara lifunguliwe tutoe fotokopi. Fomu yenyewe ni ya bure. Asubuhi polisi wakajaza sehemu yao na kupiga muhuri, tukapeleka hospitali, daktari akajaza yake. Mkono ulikuwa umevunjika. Lakini alama za vidole shingoni hazikuonekana siku hiyo. Jumanne ndipo zilipoiva nyeusi, na hatukurudi kwa daktari kumwonyesha. Hilo najuta mpaka leo. Hata picha hatukupiga.

Nikifika hapa naona jibu langu la kwanza halisimami. Angekuwa peke yake, angeondoka na nambari? Alikuwa ameshainuka. Kwa hiyo familia iitwe, ndiyo, lakini ikakae kwenye lile benchi, si kwenye kochi. Awe ni mmoja tu, na akiwa wa upande wa mume ni bora zaidi.

Hata hivyo, kama damu inatoka au pumzi ni ya shida, hospitali kwanza. Karatasi za matibabu zitamsaidia daktari kujaza P3 baadaye. Kama amebakwa pia, asioge, na ahakikishe hospitali imejaza fomu ya PRC, ile ya matibabu ya aliyebakwa. Na kama jamaa mnayemfikiria ni wa kumpigia mume simu na kumwambia mko wapi, msimwite kabisa. Pigeni 1195, nambari ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, haitozi pesa.

Kesi haikufika mbali. Mama yangu alikwenda kumlilia wifi na wifi akaiondoa, kama afande alivyotabiri, nami simlaumu. Miezi michache baadaye alihama na watoto. Kile kipande cha gazeti bado anacho, nyuma ya kava ya simu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba sheria ya Kenya ya mwaka wa 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inamtaka polisi amweleze mlalamishi msaada uliopo, kama matibabu na mahali pa kujihifadhi, na kwamba mlalamishi akitaka, anaweza kutoa taarifa yake kwa polisi wa jinsia yake. Usiku ule kulikuwa na polisi wa kike nyuma ya kaunta, ameinamia simu yake. Alitutazama mara mbili au tatu. Sikujua kwamba ningeweza kumwita.